UZI: Lugha ya maduka ya rameni Japani ni ya kuokoa muda au ya kufukuza wageni?

#1 Mchuzi_Mzito
Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja, nichaneni mkiona inafaa.

Niko Tokyo kimasomo na jioni nyingi najishindilia rameni, tambi za kwenye supu, maana inashibisha na haina longolongo. Lakini kuna aina moja ya maduka ambayo ukiingia hujui lugha yao unatoka jasho hata vijiti hujashika. Nazungumzia Ramen Jiro na yale yanayoiga mtindo wake. Unanunua tiketi kwenye mashine, unaiweka juu ya kaunta, unakaa kimya. Hakuna mhudumu wa kukuchekea. Ghafla mpishi anakugeukia: "Ninniku iremasu ka?" Yaani, nikuwekee kitunguu saumu?

Mgeni anajibu "hai", ndiyo. Anawekewa kitunguu saumu na zamu yake imepita. Kumbe swali lile halikuwa la kitunguu saumu peke yake. Ndiyo nafasi pekee ya kutaja vyote unavyotaka viongezwe: yasai, yaani mboga, ambazo hasa ni machipukizi ya maharage na kabichi, abura, mafuta ya mgongo wa nguruwe, karame, sosi ya soya izidi. Ukitaka nyongeza unasema mashi, ukitaka mlima unasema mashimashi. Mwenyeji anayamwaga yote kwa pumzi moja, "yasai mashimashi, ninniku, abura, karame", na mpishi wala haandiki popote.

Wangetaka kuokoa muda wangebandika karatasi ukutani. Hawataki. Hiyo lugha ni mlango na funguo wanazo wenyewe. Nawasilisha.

#2 Chapati7
Uzi wa msosi bila picha ni dhuluma. Nimeshavuta kiti, endeleeni.

#3 Mzee_wa_Gari
Mkuu Mchuzi_Mzito, unachokiita mlango mimi naona ni foleni. Hayo maduka ni kaunta yenye viti vichache, na nje watu wamejipanga mpaka konani. Jikoni tambi hazichemshwi bakuli mojamoja. Zinatumbukizwa za watu kadhaa kwa mkupuo, na huo mkupuo ndio wanauita rotto. Mpishi akianza kupakua anapita kaunta nzima: wewe, wewe, wewe. Sasa ufike kwako uanze "samahani, mboga ni zipi?", tambi za jirani zinalainika akikusubiri wewe. Konda akigonga bati na dereva akaelewa, nani kafukuzwa hapo? Kazi inakwenda tu.

#4 Mchuzi_Mzito
Rotto umeitaja mwenyewe mzee, basi imalizie. Anayekula polepole amepewa jina: rotto midashi, mvuruga mkupuo. Na wana utani wa kumtolea hukumu: "girutii", ana hatia. Foleni gani hiyo inayohitaji hakimu?

#5 Kipanga
Tuweke kumbukumbu sawa kabla hamjafika mbali.

Karatasi ukutani zipo. Maduka mengi ya mtindo huo siku hizi yanabandika maelezo ya jinsi ya kuagiza, mengine yana mpaka picha. Kila duka lina sheria zake pia: kuna linaloruhusu mashimashi na kuna linalokataa, kuna linalokuuliza wakati wa kukata tiketi na kuna linalosubiri bakuli likaribie.

Hayo ya girutii ni ya mabaraza ya mtandaoni. Mpishi ana sufuria linachemka mbele yake, hana muda wa kumhukumu mtu.

#6 Jamaa_wa_Kisumu
Kipanga kagusa penyewe. Tatizo hapa si wapishi, ni mashabiki. Wanajiita Jirorian, na wana msemo wao kwamba Jiro si rameni, Jiro ni chakula kinachoitwa Jiro. Ukishafika hapo umeingia dini, na dini lazima iwe na lugha yake. Baraza la 2channel lilifunguliwa 1999, na watu wakawa wanasimuliana humo usiku kucha nani kala nini na nani kaaibika. Nusu ya maneno mnayoyabishania yalikomaa kwenye kibodi, hayakukomaa kwenye kaunta.

#7 Chapati7
Kwa hiyo Wajapani nao wana nyuzi kama huu? Nimefarijika.

#8 Hakata_Mswahili
Ninyi wote mmeng'ang'ania Tokyo. Mimi nimeishi Fukuoka, na huku lugha ya rameni ilikuwepo kabla ya Jiro hajazaliwa. Nipeni nafasi.

Rameni ya huku ni tonkotsu, supu ya mifupa ya nguruwe iliyochemka mpaka ikawa nyeupe kama maziwa. Tambi zake ni nyembamba, zimenyooka, zina maji kidogo kwenye unga. Ukiingia unataja ugumu wa tambi. Yawa ni laini. Futsuu ni kawaida. Kata ni ngumu. Barikata ni ngumu haswa, na hiyo "bari" ni ya lahaja ya huku. Juu yake iko harigane, yaani waya. Juu ya waya iko konaotoshi, kukung'uta unga: tambi imezamishwa sekunde chache tu, vumbi la unga limeoshwa, tayari iko bakulini. Wapo wanaotaja hata yugedoshi, kupitishwa kwenye mvuke, lakini hapo mtu anakutania.

Halafu iko kaedama. Umemaliza tambi, supu imebaki, unaagiza tambi peke yake zikatumbukizwa kwenye supu ileile. Hayo yanahusishwa na Nagahama, kwenye soko la samaki. Duka la Ganso Nagahamaya lilianza 1952, wateja wake watu wa soko, wana mzigo unasubiri. Tambi nyembamba zinaiva haraka, mtu anameza anaondoka, mwenye njaa zaidi anaongeza. Duka lile lina maneno yake mengine kabisa: beta ni mafuta mengi, nashi ni bila mafuta, kaeniku ni nyongeza ya nyama. Mteja anaunganisha "betakata" akiwa bado hajakaa vizuri, na mpishi ameshaanza.

Kwa hiyo niko na Mzee_wa_Gari #3. Ni haraka ya kazi. Mlango gani, mtu ananuka samaki anawahi mnada?

#9 Kipanga
Hakata_Mswahili, umeeleza vizuri ila umechanganya sababu mbili. Kuna wanaosema kaedama ilitokana na haraka ya watu wa soko, na kuna wanaosema ilitokana na tambi zenyewe: ni nyembamba mno, ukiweka nyingi kwa mara moja nusu inalainika kabla hujaifikia, kwa hiyo bora kidogokidogo. Maelezo ya kwanza ni ya mteja, ya pili ni ya unga.

#10 Hakata_Mswahili
Zote zinaweza kuwa kweli, mkuu. Soko ndilo lililochagua huo unga.

#11 Mchuzi_Mzito
Nakubali barikata ilianza na haraka. Lakini konaotoshi? Tambi mbichi ndani, inakatika kwenye meno kama uzi. Nani ana haraka kiasi cha kushindwa kusubiri nusu dakika? Hiyo ni kutunisha misuli. Nimeona vijana wanapandishiana dau, mmoja akisema barikata mwenzake anasema harigane, wa tatu hana jinsi, anakula unga.

#12 Hakata_Mswahili
Hapo sina cha kukupinga. Wenyeji wengi niliokula nao walikuwa wanasema "kata" tu na kuendelea na mazungumzo yao. Anayetamka barikata kwa sauti mpaka mtaa wa pili mara nyingi ameshuka na treni kutoka Tokyo.

#13 BintiShangani
Assalaam alaykum nyote, na uzi ni mtamu. Naleta upande ambao hamjaugusa.

Mimi Muislamu, na kwangu neno la kwanza kujifunza lilikuwa nuki, yaani ondoa. Negi nuki, bila kitunguu cha majani. Chashu nuki, bila nyama. Nikadhani nimeokoka. Bwana mmoja wa makamo jikoni akaniangalia, akaweka kijiko kikubwa chini, akanionyesha kwa kidole sufuria la nyuma ambamo mifupa ilikuwa inageukageuka. Hakusema kitu. Nuki unaweza kuitia kwenye kilichowekwa juu, supu huwezi kuitoa mifupa yake. Nikamshukuru, nikaondoka na njaa yangu na heshima yangu.

Kwa wenzangu mnaopanga safari: msidanganywe na tori paitan kwa kuwa ni supu ya kuku. Kuku mwenyewe hakuchinjwa kihalali, na kwenye sosi mara nyingi mna mirin, ambayo ina kileo. Tafuteni maduka yanayojitangaza kuwa ya halali. Tokyo yapo, Asakusa likiwemo.

Na kuhusu hoja: yule bwana alinisaidia bila neno hata moja. Sikuona mlango uliofungwa.

#14 Mama_Tausi
Ahsante mwanangu BintiShangani, nina binti yangu anayekwenda huko kwa masomo. Nina swali la kizee. Kwa nini wanavuta tambi kwa kelele vile? Mimi nimewalea watoto kwa kuwapiga kofi wakifanya hivyo mezani.

#15 Mzee_wa_Gari
Shikamoo mama. Kule ni kawaida kabisa, na sauti yenyewe ina jina, zuruzuru. Niliambiwa ni kwa ajili ya kupoza, supu inakuwa ya moto sana.

#16 Jamaa_wa_Kisumu
Mimi niliambiwa ni harufu. Ukivuta na hewa, harufu ya supu inapanda puani. Ndivyo wanavyosema watu wa soba, tambi zao nyingine za asili, na tabia yenyewe inaanzia kwenye soba za enzi za Edo, rameni imerithi tu.

#17 Kipanga
Na wapo Wajapani wenyewe wasioipenda. Mwaka 2016 mtandaoni kwao likazuka neno nuuhara, unyanyasaji wa tambi, kwamba kelele zile zinawakera wageni. Likabishaniwa sana, wengi wakalipuuza. Mama Tausi, binti yako akila kimya hakuna atakayemsema.

#18 Chapati7
Na asiyeweza cha moto je? Mimi chai yenyewe napuliza.

#19 Hakata_Mswahili
Wewe una nekojita, ulimi wa paka. Ni neno la kawaida kwao, halina matusi. Ila usiende Jiro, utavuruga rotto.

#20 Mzee_wa_Gari
Turudi kwenye hoja. Biashara ya magari hunipeleka Yokohama, na pale rameni yao ni iekei. Yoshimuraya ndilo mama wa ukoo wote, lilifunguliwa 1974 kule Shin-Sugita. Mwanzilishi, Yoshimura Minoru, alikuwa dereva wa lori za masafa. Akaona tonkotsu ya Kyushu, kisiwa iliko Fukuoka, na sosi ya soya ya Tokyo zinaweza kukaa bakuli moja. Waliofuata wakayapa maduka yao majina yanayoishia na herufi ileile ya "nyumba", ndiyo maana ukaitwa ukoo wa nyumba.

Pale ukishatoa tiketi unaulizwa kistaarabu, "Okonomi wa?", unapendaje? Unajibu vitu vitatu: tambi, ladha, mafuta. Katame ni tambi ngumu, koime ni ladha kali, oome ni mafuta mengi. Ukitaka kupunguza unasema yawarakame, usume, sukuname. Juu wanaweka mchicha wa kwao na karatasi za nori, mwani uliokaushwa. Unalowesha nori kwenye supu, unakunjia wali, unakula. Mchuzi_Mzito, huku unaulizwa na unajibu. Nani kafukuzwa?

#21 Mchuzi_Mzito
Mzee, waulize hao hao wa iekei wanasemaje kuhusu maduka ya makampuni. Wana neno, shihonkei, ukoo wa mtaji. Maana yake supu imetoka kiwandani, si kwenye sufuria la dukani. Na wana chokkei, ukoo wa moja kwa moja, waliofundwa na Yoshimuraya mwenyewe. Ukimsikia shabiki anavyotamka shihonkei utadhani ametaja mwizi. Lugha inayopanga nani halali na nani haramu si ya foleni.

#22 Jamaa_wa_Kisumu
Manze hiyo shihonkei ni matusi ya kistaarabu kabisa.

#23 Kipanga
Naongeza jambo kuhusu Jiro, naona watu wanadhani ilizaliwa Mita karibu na Chuo Kikuu cha Keio. Mita ndiyo duka kuu la leo na wanafunzi wa Keio ndio walioikuza. Lakini mwanzilishi wake, Yamada Takumi, alianzia Meguro mwaka 1968, karibu na kituo cha Toritsu-Daigaku, halafu akahamia Mita. Jina nalo lina kisa kinachosimuliwa sana: aliandika Jiro kwa herufi moja, mchora kibao akaandika kwa herufi nyingine, naye akaiacha hivyohivyo.

Bakuli dogo la pale lina tambi karibu gramu 300 kabla ya kuchemshwa. Kwingine ni nusu ya hizo au pungufu. Chakula cha wanafunzi wenye njaa, ndiyo asili yake. Maneno ya kuongeza yanaeleweka ukikumbuka hilo: kijana hana hela, mboga za nyongeza ni bure.

#24 BintiShangani
Hiyo ya bure ndiyo imenishawishi kuliko zote mlizosema. Kitu kikiwa hakina bei hakiandikwi kwenye mashine ya tiketi, lazima kitamkwe kwa mdomo.

#25 Mzee_wa_Gari
Dada umemaliza uzi.

#26 Chapati7
Haujaisha, sijapata picha.

#27 Mchuzi_Mzito
[picha] Haya, usilie. Yasai mashi tu, sikuthubutu zaidi. Vijiti vimeegemea mlima wa mboga, tambi hazionekani. Wazoefu wanazamisha vijiti mpaka chini, wananyanyua tambi juu na kuzika mboga kwenye supu. Kitendo hicho wanakiita tenchi gaeshi, kupindua mbingu na nchi. Tambi haziendelei kuvimba, mboga zinakolea. Mwisho unapandisha bakuli kaunta ya juu, unafuta mahali pako kwa kitambaa, unasema gochisousama, unampisha mwenzako.

#28 Mama_Tausi
Hicho mtu mmoja anakimaliza?

#29 Chapati7
Saa sita usiku hapa Dar, nimebaki na mkate mkavu, na wewe unaleta hiyo.

#30 Jamaa_wa_Kisumu
Ndiyo maana wana neno meshitero. Ugaidi wa msosi, mtu kutupia picha ya chakula usiku wa manane. Umelipuliwa, buda.

Na karame msiitafsiri kama pilipili. Mshkaji wangu, mpenzi wa pilipili kupindukia, alisikia "karai" ni kali, akaenda duka moja akaagiza karame kwa mbwembwe. Akaletewa chumvi. Alikunywa maji jagi zima, na siku ya pili yake bado anayaulizia.

#31 Kipanga
Ni kwa sababu karai kwa Kijapani inabeba ukali wa pilipili na wa chumvi pia. Kwenye Jiro ni sosi ya soya.

Tukitoka kwenye rameni kidogo: kuna maelezo ya nne ambayo hamjayataja. Maneno mengi ya aina hii yalikuwa ya wafanyakazi, wateja wakayadaka. Kwenye sushi, tangawizi ni gari, sosi ya soya ni murasaki, yaani zambarau, na chai ya mwisho ni agari. Mteja anayetaka bili anasema "oaiso", wakati neno hilo kwa asili ni la mwenye duka kuomba radhi kwa kutokuwa mkarimu vya kutosha. Mteja akilisema, kwa masikio ya wazee, anakuwa amemsema mwenye duka. Sasa hiyo si haraka, si mlango, ni watu kupenda kuongea kama wenyeji wa jikoni.

#32 Hakata_Mswahili
Na tsuyudaku je? Wali wa nyama ya ng'ombe, ukitaka mchuzi uzidi. Wengine wanasema "daku" ni takusan, nyingi, imekatwa. Wengine wanasema ni dakudaku, sauti ya kitu kinachotiririka. Yoshinoya, maduka ya wali huo, ilianza 1899 kwenye soko la samaki la Nihonbashi, na baada ya tetemeko la 1923 soko likahamia Tsukiji, nao wakalifuata. Soko la samaki tena! Narudia #8.

#33 Jamaa_wa_Kisumu
Na aliyeieneza negidaku, kitunguu kizidi, ni andiko moja la mzaha la mtandaoni la 2001, mtu analalamika kwamba Yoshinoya imejaa familia na watu wasiojua kuagiza. Watu wakalinakili kila mahali. Narudia #6.

#34 Mpiga_Zumari
Nimesoma yote. Hakuna aliyetaja charumera. Zamani muuza rameni wa mkokoteni alikuwa anapita usiku akipuliza filimbi ya mdomo wa utete, mtaa mzima unajua amefika. Jina wamelipata kwa Wareno, charamela, na chombo chenyewe ni ndugu wa nzumari yetu. Wareno wamefika Japani 1543, Mombasa walikuwa wameshapita. Kwa hiyo kabla ya maneno yote mnayobishania, rameni iliagizwa kwa kusikia mlio na kutoka nje na bakuli.

#35 Mchuzi_Mzito
Mpiga_Zumari umenipa silaha. Mlio ule kila mtu aliuelewa, mtoto na mgeni. Mkokoteni haukuwa na mlango.

#36 Mzee_wa_Gari
Haukuwa na foleni pia.

#37 Mama_Tausi
Wanangu, binti anaondoka wiki ijayo na anapitia Yokohama kwanza. Nyama ya nguruwe anakula, ila chumvi daktari amemkataza. Hapo kwenye hizo za nyumba aseme nini?

#38 Mzee_wa_Gari
Mama, aseme "aji usume, abura sukuname". Ladha nyepesi, mafuta kidogo. Supu aibakize, hata usume ina chumvi ya kutosha.

#39 Mchuzi_Mzito
Asishawishiwe na makuri. Ni kuinua bakuli na kumaliza supu yote, na baadhi ya maduka ya ukoo huo yanakupa zawadi ndogo ukionyesha bakuli tupu.

#40 Chapati7
Zawadi gani hiyo?